Maua ya kudumu yapendayo jua, kwa ajili ya nyuki

Mama Bustani, Nakuru:
Ndugu zangu, ninacho kipande cha bustani kinachopigwa na jua kutwa, chenye udongo mwepesi wa volkano usiotuamisha maji. Ni maua gani ya kudumu yatakayochanua kwa muda mrefu na kuwavutia nyuki na vipepeo? Jirani amenishauri nipande lantana.

Mzee wa Mizinga:
Dada, lantana iache, hata kama vipepeo huipenda, kwa kuwa ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi malishoni, ambako majani yake huwadhuru ng'ombe. Panda salvia na lavenda, na kila mashada yanapokauka uyakate, kwani mmea ulioachwa utoe mbegu hupunguza kuchanua. Gazania nayo hustahimili ukame, ingawa hujifunga siku ya mawingu. Ukilazimika kupiga dawa ya wadudu, usinyunyizie maua yaliyofunguka.

Nyakundi, Kisumu:
Huku kwetu lavenda huteswa na joto lenye unyevu, lakini Nakuru, palipoinuka, itakufaa. Mimi ningetanguliza pentasi, mmea wa asili ya Afrika Mashariki, ambao vishada vyake vya vijiua vyenye mirija myembamba huwafaa vipepeo wenye mrija mrefu wa kunyonyea.

Mama Bustani:
Nashukuru. Je, nifunike udongo wote kwa nyasi kavu?

Mzee wa Mizinga:
Hapana, bakiza sehemu tupu. Nyuki wengi wanaoishi peke yao huchimba viota ardhini.