Buti la Lukaya: gumzo la kikundi cha ukoo

Kaka Mchoraji: Shikamooni wakubwa. Rasimu ya picha ya Babu akiwa Vita vya Kagera, kule Lukaya, Uganda, hiyo hapo. Nataka ikamilike kabla ya Mashujaa, 25 Julai.

*[picha]*

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umemtoa kweli! Na kifaru cha vita nyuma!

Baba Mdogo: Safi sana. Ndiyo iwe jalada la kitabu.

Mimi: Kitabu bado, Baba Mdogo. Sauti za Babu nilizorekodi ziko tisa, nimeandika mbili tu. Babu akitaja kombania na platuni narudia kusikiliza mara tatu tatu.

Babu: Hicho kifaru umekitoa wapi

Kaka Mchoraji: Shikamoo Babu 😅 Nimekiweka kunogesha tu. Na mkao wa bunduki nimeuiga kwa ile sanamu ya askari wa Bismini, pale Posta, Dar.

Babu: Marahaba. Yule wa Bismini aliwekwa na Mwingereza 1927 kwa vita vyao na Mjerumani. Hana jina. Mimi jina ninalo, na kifaru nilikiona kwa mbali.

Shangazi: Basi Baba, sikia ubeti wangu, nao uingie kitabuni:

*Lukaya tulisimama*
*Kama simba wa kuvuma*
*Wala kurejea nyuma*
*Adui tukamwondoa*

Baba Mdogo: 👏👏👏

Babu: *[sauti, dakika 4]*

Baba Mdogo: Niko kwenye daladala, kelele tupu. Nani aniandikie?

Mimi: Nimeandika alivyosema, sijapamba:

"Simba gani, binti yangu? Tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya tulikimbia. Barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakatufungulia maroketi. Mengi yalipita juu ya vichwa, lakini ule mlio! Wengi wetu tulikuwa mgambo, hatujawahi kuusikia. Tukatawanyika. Mimi nikazama topeni mpaka mapajani. Kuna mwenzangu wa Tabora alikwishavuka, akarudi akanivuta. Nikatoka, buti moja likabaki. Yeye hakutoka. Usiku kucha nimelala kwenye mafunjo, mguu mmoja mtupu. Alfajiri brigedi nyingine ikawazunguka wale Walibya, na sisi tukarudi barabarani tukapigana. Hapo ndipo tuliposhinda."

Shangazi: Baba. Miaka yote hii hujawahi kutuambia.

Babu: Hamkuniuliza. Mlikuwa mnaniuliza nimeua wangapi

Baba Mdogo: Baba, samahani, lakini hapo pa kukimbia tuparuke. Mwezi mmoja tu baadaye, 11 Aprili, mkaingia Kampala. Msomaji asiyejua atasema jeshi letu lilikuwa la waoga.

Babu: Ukipatoa hapo, toa na jina langu.

Mimi: Baba Mdogo, na tukipatoa yule wa Tabora atakuwa amerudi kumvuta nani? Habari yake yote iko kwenye kule kukimbia.

Baba Mdogo: Sawa. Nimeelewa. Yeye anaitwa nani, tumwandike?

Babu: Jina nitampa mwandishi pembeni, msiliweke hapa. Amelala Kaboya, makaburi ya mashujaa kule Kagera. Wanawe wanajua alifia Lukaya, hawajui kuwa alirudi. Nataka niwaambie mimi kwanza, kwa mdomo wangu. Wakikubali ndiyo mwandike.

Shangazi: Tutakupeleka Tabora, Baba. Halafu Kaboya.

Babu: Kaboya nataka kwenda kabla magoti hayajakataa kabisa

Shangazi: Na jamani, Bibi yenu ananiambia hapa: msimrekodi Babu usiku. Juzi baada ya ile sauti ya tano hakulala, alikaa barazani mpaka adhana. Muulizeni asubuhi, akishakunywa chai.

Mimi: Nimesikia Shangazi. Nisamehe Babu, juzi ni mimi.

Babu: Usijali. Chai iwe na tangawizi.

Mimi: Sauti zote nimeziweka kwenye kompyuta na kwenye flashi. Simu ya Babu ikiibiwa leo hatupotezi kitu. Naomba mwingine naye azihifadhi.

Baba Mdogo: Nitumie mimi. Nikifika nyumbani nitazisikiliza zote.

Shangazi: Nimerudi. Baba, huu je?

*Lukaya tulikimbia*
*Buti moja lazamia*
*Usiku ukaingia*
*Mafunjo yakatuficha*

Babu: *[sauti, sekunde 9]*

Baba Mdogo: Amesema nini?

Mimi: Hajasema mengi. Amevuta pumzi, kisha akasema "huo sasa."

Kaka Mchoraji: Mimi kifaru nimekifuta. Nachora barabara, mafunjo na mkono unaovuta. Sura ya mwenye mkono haitaonekana mpaka wanawe waseme. Babu, swali: buti lililobaki ni la kushoto au la kulia?

Babu: La kushoto. Na kamba zake zilikuwa za katani, zile za jeshi zilikwishakatika.