Naomba ushauri: mama ana kisukari na UTI ya kujirudia, wiki ijayo anatolewa jiwe la figo

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 61, kisukari mwaka wa 9 sasa. Ana jiwe la sentimita 3 figo ya kushoto, na figo yenyewe imevimba kwa mkojo uliokwama. Atatobolewa tundu dogo mgongoni, jiwe lipasuliwe litolewe vipande vipande. Kisu kikubwa hakuna, hilo tumelifurahia.

Kinachoninyima usingizi ni yaliyomkuta jirani yetu. Upasuaji kama huo uliisha vizuri, jioni yake homa, kutetemeka, presha ikashuka, akakimbizwa chumba cha mahututi. Walielezwa kuwa jiwe lilikuwa na bakteria ndani. Lilipopasuliwa huku maji ya kusafishia yakisukuma, bakteria hao wakaingia kwenye damu.

Sasa nikimhesabia mama: mwanamke, kisukari, jiwe kubwa, UTI kila mara, figo imeziba. Karibu kila kinachoongeza hatari anacho! Mkojo wake ulioteshwa maabara ukaonyesha bakteria, kapewa antibaiotiki siku 7, kamaliza juzi. Kama atapimwa tena, hatujaambiwa.

Mliopitia hili, mkojo ulioteshwa upaya kabla ya upasuaji? Kuna aliyewekewa mpira kwanza mkojo utoke, jiwe likasubiri? Na sukari walitaka iwe ngapi? Mama mwenyewe hana habari, anataka tu liishe, maumivu yamemchosha. Mwoga ni mimi.

Madaktari na manesi, Jumatatu tuna kliniki. Niulize nini hasa?