Sensa za ndani ya tairi, mfumo wa ABS au vikofia vya valvu: nichukue ipi?

Usukani
Wakuu salaam. Nina magari mawili nayapima ninunue moja. La kwanza lina sensa ndani ya kila tairi, na dashibodi inaonyesha namba za upepo, tairi kwa tairi. La pili lina taa ya onyo la upepo tu, na kitabu chake kinasema linategemea sensa za ABS, yaani za breki zinazozuia magurudumu kujifunga. Muuzaji anasema ni yaleyale. Halafu kuna jamaa ananishauri niachane na hayo yote, ninunue vile vikofia vya kufunga juu ya valvu vinavyokuja na kiskrini chake. Wenye uzoefu mnasemaje?

FundiRimu
Si yaleyale hata kidogo, muuzaji anataka kuuza. La kwanza linapima upepo wenyewe. Sensa inakaa ndani ya rimu, imeshikana na valvu, inapima mgandamizo na joto kisha inarusha taarifa kwa redio. Kila sensa ina namba yake ya utambulisho, ndiyo maana gari lako halisomi tairi la gari lililopaki pembeni.

La pili halijui upepo ni nini, linahesabu mizunguko ya magurudumu kwa hizo sensa za ABS. Tairi likilegea, kipenyo chake kinapungua kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake kwa umbali uleule. Kompyuta ikiona gurudumu moja linawahi, inawasha taa. Sasa fikiria matairi yote manne yamepungua pamoja, taratibu, kama yanavyofanya gari lisipoguswa miezi kadhaa. Hakuna anayemzidi mwenzake, taa inanyamaza. Mifumo mipya inasoma na mtetemo wa tairi ili kuziba pengo hilo, ya zamani haiwezi.

Mama Geji
Fundi, usiliponde sana la pili. Halina betri ya kufa wala kitu cha kuvunjika wakati wa kubadilisha tairi. Sharti lake moja: ukishajaza upepo, matairi yakiwa ya baridi, ubonyeze kitufe cha kuweka upya ili lijifunze mizunguko sahihi. Watu wanabonyeza ili taa izime tu, tairi likiwa bado limelegea. Hapo umelifundisha kwamba kulegea ndiyo hali ya kawaida.

FundiRimu
Nakubali hapo kwenye betri, mama. Za sensa za ndani hudumu kati ya miaka 5 na 10, na nyingi zimefungiwa humohumo, hivyo betri ikifa unabadilisha sensa nzima. Na ukienda kutoa tairi, mwambie fundi mapema kuna sensa. Lile bapa la mashine linalobandua ukingo wa tairi likikandamiza karibu na valvu, plastiki inapasuka. Wakati wa kununua mpya angalia na masafa ya redio: magari ya soko la Marekani kwa kawaida hutumia 315 MHz, ya Ulaya 433 MHz. Ukichanganya, gari halisikii kitu.

Kokoto
Mimi natumia vikofia. Namba zinasoma vizuri na nilifunga mwenyewe. Kero zake: viko nje, mwenye vidole vyepesi anaondoka navyo. Kila ukitaka kujaza upepo unavifungua kwanza, na vingine vina nati ya kukazia inayodai spana yake. Kama valvu zako ni za mpira, ule uzito unaning'inia nchani gurudumu likizunguka. Ningeanza kwa kuweka valvu za chuma.

Usukani
Asanteni. Hivi taa huwaka upepo ukipungua kiasi gani? Na jambo jingine: lile la kwanza nilipoliwasha, taa ya tairi ilipepesa kama dakika nzima, halafu ikabaki imewaka. Muuzaji akasema linahitaji upepo tu.

Mama Geji
Mwanangu, hapo umedanganywa. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, ndiyo upepo. Ikipepesa dakika moja hadi moja na nusu kisha ikatulia imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Kwa gari lenye umri, wa kwanza kushukiwa ni betri ya sensa.

Kuhusu kiasi, sheria ya Marekani, iliyotokana na mkasa wa matairi ya Firestone kwenye magari ya Ford, inataka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango cha kibandiko cha mlangoni. Kibandiko kikisema psi 32, taa inaruhusiwa kukaa kimya mpaka 24. Hapo tairi limeshalegea sana, kwa hiyo geji ya mkononi bado ina kazi.

FundiRimu
Mimi ningechukua la kwanza, ila kwa bei iliyopunguzwa thamani ya sensa nne. Ikifa moja, nyingine ziko njiani, maana mara nyingi zilifungwa siku moja. Ukizibadilisha, gari lifundishwe namba za sensa mpya: mengine hujifunza yakiendeshwa, mengine yanadai kifaa cha fundi. Muulize pia kama tairi la spea lina sensa. Magari mengi hayana, na ukifunga spea taa itaendelea kulalamika mpaka urudishe tairi lenye sensa.