Apdeti ya tovuti ya kuchora ruti: kilomita zangu 10 zimekuwaje 12?

kiatu_chakavu
Wakuu habari za asubuhi. Naombeni msaada kwa wanaokimbia na wanaojua haya mambo ya ramani. Kuna tovuti natumia mwaka wa tatu huu kuchorea ruti kabla sijatoka, jina naliacha, juzi wameifanyia apdeti nafungua nakuta kila kitu kimehama, hiyo sio kesi nitazoea. Kesi ni ruti yangu ya Jumamosi. Naanzia Coco Beach hapa Dar, napita Daraja la Tanzanite, nashukia hospitali ya Aga Khan, naifuata Barack Obama Drive mpaka feri pale Magogoni, nageuza narudi njia ileile. Siku zote inasoma 10 na pointi. Sasa inasoma 12.3, kuvuta ramani naona mstari haupiti darajani kabisa, umezunguka daraja la zamani la Salenda kama vile Tanzanite haijajengwa! Nafuta, nachora upya, nabofya katikati ya daraja, mstari unaruka wenyewe unarudi Salenda. Halafu eti nimepanda mlima jumla mita 164. Mlima upi jamani? Njia nzima kitu kilichoinuka ni tuta la barabarani.

Nina watu wa klabu ya jogingi nawachorea, wiki ijayo wanataka 10. Nifanyeje?

shombe_la_temeke
Hongera mkuu kwa kupanda mlima ufukweni 😂😂 ungesimika na bendera kabisa

mpiga_kona
Mkuu kiatu hayo mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

La mstari kwanza. Zamani hiyo tovuti nadhani ilikuwa inanyoosha tu toka ulipobofya mpaka unapobofya tena, haijali unapita juu ya bati la mtu. Sasa wameweka ule mtindo wa mstari kushika barabara, na hizo barabara tovuti nyingi zinazichukua OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Dar tumechora sana, 2015 Ramani Huria walizunguka na wanafunzi wa vyuo kwenye mitaa ya mafuriko, Tandale huko, mpaka mitaro ikaingia kwenye ramani. Lakini mtu akichora njia ya waenda kwa miguu akaishia nusu mita kabla haijagusa barabara, wewe kwa macho unaona zimegusana, kompyuta inaona njia imekatika, inakutafutia pengine. Au njia imeandikwa ya magari tu, na wewe umechagua kukimbia. Vuta karibu kabisa kwenye ncha za daraja, Coco na Aga Khan, utaliona hilo pengo kama lipo.

Dawa ya haraka: tafuta kitufe cha kuzima kufuata barabara. Kizime ukifika mwanzo wa daraja, bofya mara mbili tatu kuvuka, kiwashe tena ukishuka. Dawa ya kudumu fungua akaunti OSM (hiyo OpenStreetMap) urekebishe mwenyewe, dakika tano tu, ila usitegemee tovuti yako itaona leo maana wengi wanatumia nakala yao na wanaibadilisha wanavyojisikia.

Mlima sasa. Tovuti nyingi za bure urefu wa ardhi wanautoa kwenye data ya SRTM, ile ya chombo cha Endeavour kilichozunguka dunia siku 11, Februari 2000, kinapiga rada. Rada haikuona lami, iliona vichwa vya ile mivinje ya Ocean Road (hiyohiyo Barack Obama Drive) na mapaa ya majengo. Ndio maana hatua hii uko mita 4, hatua inayofuata 9, unarudi 5, na tovuti inajumlisha kila kamwinuko mpaka unapata Kilimanjaro. Na Tanzanite imefunguliwa 2022, kwa hiyo hapo rada inakuona unakimbia juu ya maji kama Petro.

kiatu_chakavu
Duh mkuu barikiwa. Nimezima kile kitufe (wamekificha chini ya kialama cha sumaku, nani angejua) imerudi 10.2. Mita nimezipuuza.

mama_wa_alfajiri
Samahani nadandia uzi. Na nyinyi mmeangalia upande wa faragha? Mimi baada ya apdeti ruti zangu zote zimegeuka za wazi kwa kila mtu, na zote zinaanzia getini kwangu saa 11 alfajiri. Mtoto wa kike nakimbia peke yangu, niliishiwa nguvu nilipoona. Nimezifunga mojamoja, na sasa hivi naanza kuchora kuanzia mtaa wa pili, duka la mangi. Mwaka 2018 si ile ramani ya Strava, app ya kurekodi mbio, ilianika mpaka njia wanazokimbia wanajeshi kambini kwao, sembuse mimi.

kiatu_chakavu
Dada yangu asante, naenda kuangalia sasa hivi

mteremko_wa_mweka
Huku Moshi sisi hizo mita zinatudanganya kidogo tu maana mlima upo kweli, njoo upande barabara ya Mweka utaheshimu ramani 😅. Kuhusu 10 kamili kiatu usijitese, hata mashindano yenyewe hawapimi kwa tovuti, wanapita na baiskeli yenye kidude cha kuhesabu mizunguko ya tairi, na bado wanaongeza mita 1 kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Wewe na 10.2 yako uko sawa. Ila pakua faili za GPX (zile zinazotunza mstari wa ruti) za ruti zako zote uziweke kwenye simu, mimi apdeti ya namna hiyo iliwahi kunifutia ruti za mwaka mzima.

shombe_la_temeke
Kwa hiyo mlima tunaufuta kwenye rekodi au? Mimi nilishamwambia wife

kiatu_chakavu
Uache tu mkuu 😂 Nimeliona pengo, upande wa Aga Khan, kama alivyosema mpiga_kona. Nafungua akaunti nijaribu kuunganisha, nikikwama narudi hapahapa.