Tupeane uzoefu: nyama, maziwa na mayai bila kumtesa mnyama, hapa Nairobi inawezekana hadi wapi?

Mwanzisha mada
Wadau, kila tukijadili kama ni haki kumla mnyama tunaishia kwenye dini na ubishi. Safari hii natafuta mambo ya mkononi. Anayechinja, anayefuga na anayepika bila nyama aeleze kazi inavyofanywa na ni wapi mnyama anaumia bure. Habari za maisha yetu tuziweke kando.

KisuKikali
Tuanzie kwenye boda boda. Kuku anayening'inizwa miguu juu hapumui sawasawa, maana hana kiwambo cha kutenga mapafu na tumbo. Ini na utumbo humlalia kwenye mifuko ya hewa. Mweke kwenye kreti lenye matundu, au kapu pana akae kwa kifua chake. Ukimbeba kwa mkono, bana mabawa mwilini na kiganja kikae chini ya kifua.

Kabla ya kumchinja mnyime chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 ila maji aendelee kunywa. Ule mfuko wa chakula shingoni ukiwa umejaa, utapasuka na kuchafua nyama. Kisu kinolewe mbali naye, kisha kijaribu kwenye karatasi iliyoning'inia: kikiirarua badala ya kuikata, rudi kwenye jiwe.

Mafundi wa jua kali pale Kamukunji watakukunjia bati liwe kama faneli, tundu la chini lipitishe kichwa na shingo, mabega yabaki juu. Ndani yake mabawa hayapigi wala hayavunjiki. Kata mara moja chini ya taya: koo la hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili. Wengi hukata upande mmoja tu, damu ikatoka polepole na kuku akakaa na fahamu zake muda mrefu.

Kosa lingine baya ni kumtumbukiza kwenye maji moto mapema. Kutapatapa pekee hakukwambii kama yu hai. Gusa mboni ya jicho: kope isipocheza na pumzi ikiwa imekata, ngoja dakika 2 zaidi ndipo umnyonyoe. Maji yawe nyuzi 60 hivi. Yakichemka, ngozi inatoka pamoja na manyoya.

Mama Trei
Mayai nayo yana siri zake. Kifaranga cha kuku wa mayai wa kisasa hujulikana jinsia siku ya kwanza, mara nyingi kwa rangi tu: majike kahawia, madume njano iliyopauka. Madume hayatagi, na hayanenepi haraka kama brola anayeuzwa akiwa na wiki 5 au 6, kwa hiyo katika nchi nyingi huuawa siku hiyohiyo kwa mamilioni. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022. Kwa hiyo anayeacha nyama akabaki na mayai akidhani hakuna aliyekufa, hesabu yake haijakamilika.

Njia ya kupunguza ni kununua kwa mfugaji wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Naivasha, ambao majogoo wao hukuzwa wakauzwa kwa nyama. Mayai ni machache, basi bei lazima ipande. Na msidanganywe na kiini cha njano iliyokolea! Rangi hiyo inatoka kwenye chakula, hata kuku wa kizimba huitoa akilishwa mahindi ya njano na majani. Muulize muuzaji mambo matatu: kuku wanalala wapi, wanatagia wapi, majogoo wameenda wapi. Akibabaika kwenye la tatu, umeshajibiwa.

Kuhusu leya (kuku wa mayai) waliochoka wanaouzwa kwa bei ya chini: kila ganda hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na sehemu yake hutoka mifupani. Ukimvuta kwa mguu mmoja unavunjika. Mshike kwa mikono miwili.

BuchaYaKona
Kwa ng'ombe, nyama yenyewe inasema. Aliyesafirishwa mbali na kuhangaishwa anafika akiwa amemaliza sukari ya misuli, asidi haipandi baada ya kuchinjwa, na nyama inakuwa nyeusi, kavu na ngumu kwa kugusa. Pia inaharibika upesi. Mhuri wa mkaguzi hautakwambia alivyosafiri.

Dang'a
Maziwa ya ATM, ile mashine ya kuuzia maziwa, hayana picha ya ndama, ila ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na nusu ya wanaozaliwa ni madume. Ndama dume wa Friesian anakula maziwa ya kuuzwa, ndiyo maana wengine hunyimwa hata dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kipimo ni lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za mwanzo. Baada ya saa 24 utumbo haupitishi tena kinga. Zipo mbegu za dume zilizochaguliwa jinsia, takriban majike 9 kati ya 10, ila ni ghali na hushika mimba kwa shida kidogo. Pembe ziunguzwe kabla ya miezi 2, kwa sindano ya ganzi. Wanaosema ndama mdogo hasikii maumivu wanatafuta kuokoa bei ya sindano.

Njegere
Haya yote yanapunguza maumivu, ila hayajibu kama ilikuwa lazima. Ugali na ndengu vinakamilishana: mahindi yana upungufu wa laisini (kijenzi cha protini), ndengu inayo. Maharagwe mekundu yaloweke usiku, mwaga maji, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo ndipo upunguze moto. Moto mdogo tangu mwanzo hauui sumu yake. Chai isubiri saa moja baada ya kula, la sivyo madini ya chuma hayaingii vizuri. Vitamini B12, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, itoke kwenye vidonge. Soma karatasi kwanza, maana ganda la kapsuli nyingi ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe.

KisuKikali
Njegere, swali lako ni halali na kisu changu hakina jibu. Lakini kibandani je?

Njegere
Uliza kabla ya kuketi: githeri imetiwa kiungo cha supu ya nyama? Chipsi zimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia soseji? Chapati imepakwa siagi? Na ukiona sukuma inang'aa sana, uliza tena.