Imani ni zawadi ya Mungu au ni jukumu letu?

Mama_Weti:
Wapendwa naomba mnisaidie, mwanangu mkubwa keshaacha kusali ananambia mama mie sijapewa imani, kama Mungu akitaka atanipa. Ananisomea Waefeso 2:8, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani; ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Nimekosa jibu na roho inaniuma kwelikweli

Mwanakwaya wa Mkunazini:
Pole sana mama. Ule mstari kwa Kigiriki neno "hiyo" halikubaliani na neno imani kwa jinsia ya kisarufi (Kigiriki kinagawa maneno kuwa ya kiume, ya kike na yasiyo ya jinsia), kwa hiyo wengi wanaona kipawa ni wokovu mzima sio imani peke yake. Halafu Warumi 10:17 inasema imani huja kwa kusikia, sasa mtu asiyekwenda kusikia ataipataje?

Fundi_Chake:
Kaka hapo kwa kusikia nakubali, lakini usiitoe zawadi haraka. Augustino mwenyewe, yule askofu na mwalimu wa kanisa la kale, zamani alifikiri kuamini kunatoka kwetu, akaja kubadilika kwa 1 Wakorintho 4:7, una nini usichokipokea? Mie nimeishi miaka bila kutaka kabisa mambo ya Mungu, ile hamu siku ilonijia sikuitafuta, nambie nijisifu kwa lipi. Ila mama, mwambie kijana aombe kama yule baba wa Marko 9:24 aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa, naamini nisaidie kutokuamini kwangu, maana yule alikuja na upungufu wake na Yesu hakumfukuza

Mama_Weti:
Asanteni wanangu. Huo wa Marko ntamsomea leo usiku, simlazimishi kanisani kwanza