Mrejesho: mama kukauka macho na mdomo

Habari zenu wakuu. Niliuliza kuhusu mama yangu hapa Ujiji, umri umeshapita 60: macho yanachoma kama yana mchanga, ugali wa muhogo haushuki bila maji, meno yanaoza mfululizo. Wengi mlihisi kisukari. Amepimwa, sukari iko sawa.

Daktari wa macho alimwekea kikaratasi chembamba ndani ya kope ya chini, dakika 5. Kwa kawaida machozi hulowesha milimita 10 au zaidi. Cha mama kililowa nchani tu, hata 5 hazikufika. Kipimo cha damu kikaonyesha kingamwili za anti-Ro, yaani askari wa mwili wanaougeukia mwili wenyewe. Jibu ni ugonjwa wa Sjögren, jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Hauambukizi, na wagonjwa takribani 9 kati ya 10 ni wanawake. Kwa hiyo maneno ya kurogwa jamani yaishe, yamemuumiza mama kuliko macho yenyewe.

Dawa ya kuuponya kabisa hakuna. Anatumia machozi ya bandia, dawa ya meno yenye floraidi, na anapiga funda la maji mara kwa mara. Dagaa tunampikia mchuzi, wakavu wanamkwaruza.

Tumeambiwa tezi za karibu na masikio zikivimba na kubaki hivyo, awahi hospitali, maana baadhi ya wagonjwa hupata saratani ya limfu. Asanteni sana mliotusukuma twende kwa daktari wa macho.